Bowling Green au Tri-Cities? Kwa anayetaka kuhamia mji mdogo Kusini mwa Marekani

Mwezi uliopita binamu yangu alinipigia simu akiwa kwenye foleni ya Dallas, injini inanguruma na yeye ananguruma. Kodi ya nyumba imepanda tena, saa nzima ya kwenda ghalani anakoendesha foklifti, saa nzima ya kurudi, na watoto siku hizi anawaona wakiwa usingizini. "Dada, nataka mji mdogo. Hukuhuku Kusini, baridi ya Minnesota siiwezi." Alikuwa na majina mawili: Bowling Green ya Kentucky na Tri-Cities ya Tennessee. Kote nimeishi. Johnson City, mmoja wa ile miji mitatu, nilikaa miaka mitatu mume wangu alipokuwa anasoma; Bowling Green niko tangu 2019. Nilimtumia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na saba. Wifi yangu akausikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba niandike, kwa sababu mumewe alikuwa ameshika maneno matatu tu: hakuna kodi Tennessee, yaani kodi ya mshahara.

Ramani kwanza

Bowling Green ni mji mmoja uliokaa kando ya barabara kuu ya I-65, kati ya Nashville na Louisville. Sensa ya 2020 iliuhesabia watu 72,294, na kwa idadi hiyo tu unashika nafasi ya tatu Kentucky nzima, nyuma ya Louisville na Lexington. Nashville iko maili 65 kusini. Ukitaka uwanja wa ndege, daktari bingwa au ubalozi unaotembelea jiji kubwa, unatoka asubuhi na jioni uko nyumbani.

Tri-Cities ni jina la miji mitatu iliyokaribiana mashariki kabisa mwa Tennessee: Johnson City yenye watu 71,046 kwa sensa hiyohiyo, Kingsport yenye 55,442, na Bristol. Bristol nayo ni miji miwili ndani ya mmoja, kwa sababu mpaka wa Tennessee na Virginia unapita katikati ya mtaa wake mkuu, State Street. Kuna vibao vidogo vya shaba vilivyopigiliwa barabarani; unaweka mguu huu Tennessee, mguu ule Virginia, unapigwa picha. Juu ya mtaa huo kuna bango la taa lililojengwa 1910, na tangu 1921 maneno yake yanasema Bristol ni mahali pazuri pa kuishi. Sijaona mji mwingine unaojisifu kwa kiasi namna hiyo.

Kutoka mji mmoja hadi mwingine katika hiyo mitatu ni dakika ishirini na tano, thelathini. Watu wanalala Johnson City, wanafanya kazi Kingsport, wanakwenda kusikiliza banjo Bristol. Nashville, hata hivyo, ni safari ya saa nne na zaidi. Jirani mkubwa wa kweli ni Knoxville upande wa magharibi na Asheville ng'ambo ya milima. Uwanja mdogo wa ndege wanao wenyewe, na ndege za kwenda Atlanta na Charlotte, jambo ambalo Bowling Green haina. Nauli zake zitakufanya uendeshe hadi Knoxville, lakini mama mzee akija kutoka nyumbani, kushuka dakika ishirini kutoka mlangoni kwako si kitu kidogo.

Halafu saa. Tri-Cities wako saa za Mashariki, Bowling Green saa za Kati. Wakati wa kiangazi, kukiwa saa mbili usiku Iringa, Johnson City ni saa saba mchana na Bowling Green ni saa sita. Kwa anayewapigia wazazi kila siku kabla hawajalala, saa moja hiyo inakula mapumziko ya chakula cha mchana au inayaacha.

Watu

Hapa ndipo miji hii inapoachana kabisa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bowling Green imekuwa ikipokea wakimbizi tangu miaka ya 1980, kupitia shirika ambalo leo linaitwa International Center of Kentucky. Miaka ya 1990 walikuja Wabosnia, baadaye Waburma, kisha watu wa Kongo na Burundi, wengi wao waliopitia Nyarugusu na kambi nyingine za Kigoma. Kwa hiyo Kiswahili utakisikia dukani, kiwandani, kwenye uwanja wa mpira Jumamosi. Ni Kiswahili cha Uvira na Bukavu zaidi ya cha Dar. Wiki yangu ya kwanza mama mmoja aliniuliza, "Uko na batoto bangapi?" Nikamjibu kwa Kiswahili changu cha Iringa, akacheka hadi akajifuta macho: "Mama, unasema kama redio."

Sombe (kisamvu) iliyogandishwa, ndagala (dagaa), unga wa muhogo, mawese, vyote vipo mjini. Nyama ya halali Wabosnia waliifikisha zamani. Ibada za Kiswahili zipo, kwaya zipo, na ugomvi wa kwaya upo. Wilaya ya Warren ilifungua mwaka 2016 shule ya sekondari kwa ajili ya vijana waliokuja wakubwa bila Kiingereza, GEO International High School. Mtoto wa miaka kumi na sita aliyesomea kambini hatupwi darasani kama jiwe kisimani.

Johnson City nilizijua nyumba nne za waongeaji wa Kiswahili: mbili za wauguzi wa Kenya, Mtanzania mmoja wa chuo, na yetu. Unga wa muhogo tuliufuata Knoxville, saa moja na nusu na ushei, kwa Warundi walioanza kuletwa 2007 kutoka kambi za Tanzania. Tulikuwa tunakwenda mara moja kwa mwezi, tunarudi na buti ya gari iliyojaa na sauti zimetukauka kwa kuongea.

Baba yangu alifariki Iringa mwaka 2018, nikiwa Johnson City. Majirani zetu, Wabaptisti wa milimani, walijua kabla jua halijazama. Wakaja na masufuria ya makaroni na jibini, maharage, pai ya tufaha. Wakashikana mikono sebuleni kwangu, wakaomba. Mzee wa nyumba ya pili alikata nyasi zetu mwezi mzima bila kuombwa, na hakuwahi kulitaja. Sitawasema vibaya watu wale mpaka nakufa. Lakini walikaa dakika ishirini wakasimama, kwa sababu kwao kukaa zaidi ni kumchosha mfiwa. Saa tatu usiku nilikuwa peke yangu na mume wangu na pai saba.

Mwaka mmoja baadaye, Bowling Green, mama mmoja nisiyemjua alifiwa na kaka yake huko Uvira. Nilipelekwa na mtu wa kanisani. Magari yamejaa hadi kwenye nyasi, wanaume nje na viti vya kukunja, wanawake chini kwenye mikeka, daftari la michango mlangoni. Kabla sijasema pole yangu yote nimeshapewa kisu na ndoo ya vitunguu. Siku tatu. Nililia pale kilio cha baba yangu kilichokuwa kimenibakia, na hakuna aliyeniuliza ninamlilia nani.

Upande wa pili wa hilo ni lazima niuseme. Daftari la michango halifungwi. Kipaimara, harusi, kumuaga binti, kuhitimu kwa mtoto wa chekechea (ndiyo, chekechea, na kadi zinachapishwa). Kuna miezi mchango unazidi bili ya umeme. Na mambo yako yatajulikana: gari jipya, mume kuchelewa, mtoto wa kike kuonekana na nani. Mtu aliyechoka na macho ya watu, aliyekuja Marekani hasa ili asijulikane, Johnson City itampumzisha.

Kuna kingine. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Hapa Bowling Green ninazijua familia zilizokwisha kuandaa chumba cha mama aliye Nyarugusu. Kitanda kimetandikwa, mama hajaja. Ukihamia hapa utaingia kwenye nyumba zenye vyumba vya namna hiyo.

Mfuko

Sasa yale maneno matatu ya binamu yangu. Ni kweli kwamba Tennessee haikati kodi ya jimbo kwenye mshahara. Kentucky inakata, ingawa imekuwa ikishusha: asilimia 4 mwaka 2025, 3.5 kuanzia 2026. Na Bowling Green wenyewe wana kodi yao ya mshahara juu ya hiyo. Mtu wa dola 40,000 kwa mwaka anaiachia Kentucky karibu dola 1,300, halafu mji nao unachukua wake. Gari pia linalipiwa kodi ya mali kila mwaka Kentucky.

Lakini Tennessee inajilipa dukani. Kodi ya mauzo ya jimbo ni asilimia 7, wilaya zinaongeza zao, unafika tisa na kitu. Kentucky ni 6, basi, hakuna nyongeza ya wilaya. Na chakula cha kupika nyumbani Kentucky hakitozwi kabisa, wakati Tennessee kinatozwa. Jumla na ya wilaya ni kati ya 6 na 7. Familia ya watoto wanne inayonunua chakula cha dola 800 kwa mwezi inaacha kwenye mashine ya dukani dola 600 kwa mwaka na zaidi. Watu wa Bristol wana dawa yao: wanavuka State Street kununua unga na mayai Virginia, ambako chakula kinatozwa asilimia 1 tu.

Ukipiga hesabu, anayelipwa vizuri na mwenye watoto wachache anapata nafuu Tennessee. Mwenye mshahara mdogo na midomo mingi, nafuu ile inayeyuka. Nyumba zimepanda bei kote tangu 2020, usije na bei ulizosikia kwa waliotangulia.

Kuhusu kazi nitasema kwa ufupi. Bowling Green ni mji wa viwanda: magari ya Corvette yanaundwa hapa tangu 1981, na kuzunguka kiwanda hicho kuna vya vipuri, vya plastiki, maghala. Mtu anaweza kuanza wiki hiyohiyo na Kiingereza cha kuombea maji, kwa sababu msimamizi wa laini ni Mbosnia aliyeanza hivyohivyo. Tri-Cities kazi nzuri zinataka vyeti. Kuna Eastman ya Kingsport, kampuni ya kemikali iliyoanzishwa 1920 na George Eastman wa Kodak. Kuna hospitali, kuna chuo kikuu cha East Tennessee State (ETSU) chenye shule za udaktari na famasia. Kwa asiye na cheti kuna nyumba za wazee, na wazee milimani ni wengi. Binamu yangu na foklifti yake atapata kazi kote. Wifi yangu, aliyekuwa mwalimu Morogoro, angekwenda mbali zaidi Tri-Cities, na jimbo la Tennessee lina mpango wa kulipia karo ya chuo cha kati kwa vijana wanaomaliza sekondari. Watoto wake wakubwa wangefaidi.

Gari ni lazima. Mabasi yapo pande zote mbili, madogo na masafi, lakini usiyategemee usiku wala Jumapili.

Ukiugua

Hili binamu yangu hakuliuliza, na ndilo ningeliweka juu ya kodi. Kentucky ilipanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, mwaka 2014. Tennessee haijapanua. Maana yake ni kwamba mtu mzima wa kipato cha chini, kazi ikikatika katikati ya mwaka, Kentucky ana bima ya serikali. Tennessee mtu huyohuyo, kama si mjamzito, hana watoto wadogo na si mlemavu, mara nyingi hana kitu. Maghala hupunguza watu Januari. Binamu yangu ana kisukari.

Hospitali zenyewe: Tri-Cities karibu zote ziko chini ya shirika moja, Ballad Health, tangu mashirika mawili yaliyokuwa yakishindana yalipoungana 2018. Wahudumu nilikutana nao wazuri na wabaya kama kokote, ila huna pa kulinganisha bei wala pa kuhamia. Bowling Green kuna hospitali mbili zisizo za mwenye mmoja, na Nashville ni saa moja.

Mbingu na ardhi

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021, kama saa saba, ving'ora vililia Bowling Green. Tulilala kwenye beseni la kuogea, watoto chini, godoro juu, mume wangu juu ya godoro. Tonado ilipita upande mwingine wa mji. Watu zaidi ya kumi walikufa, wakiwamo watoto, na mitaa iliyopigwa sana ilikuwa na familia za wahamiaji waliokwisha kukimbia vita vya kwao. Tangu hapo mimi nyumba isiyo na chumba cha ndani kisicho na dirisha sipangi. Uliza hilo kabla hujauliza idadi ya vyoo.

Na ardhi yenyewe ya hapa ni chokaa iliyotobolewa na maji. Februari 2014 shimo lilifunguka ndani ya jumba la makumbusho ya Corvette likameza magari manane, alfajiri, bila mtu. Leo ni kivutio cha watalii. Ukinunua nyumba, waulize majirani mashimo yako wapi, na bima inasemaje. Faida ya ardhi hiyo iko kaskazini kidogo: pango la Mammoth, refu kuliko yote yanayojulikana duniani, maili zaidi ya 420 zilizopimwa. Watoto wangu niliwapeleka kwa sababu ya Stephen Bishop, mtumwa aliyeanza kuongoza wageni humo mwaka 1838 na kuchora ramani yake kwa kumbukumbu. Walimsikiliza kuliko walivyonisikiliza mimi mwaka mzima.

Tri-Cities milima inazuia tonado nyingi, na kwa miaka watu walisema wao wako salama. Kisha Septemba 2024 mabaki ya kimbunga Helene yakamwaga mvua, mto Nolichucky ukapanda, na hospitali ya mji wa Erwin, dakika ishirini tu kusini mwa Johnson City, ikazingirwa na maji hadi watu zaidi ya 50 wakaokolewa kutoka juu ya paa. Wafanyakazi wa kiwanda jirani walisombwa. Madaraja ya barabara kuu yalikatika. Kwa hiyo kama ni Tri-Cities, panga juu, usivutiwe na nyumba ya bondeni yenye kijito kinachoimba nyuma ya jiko.

Hali ya hewa ya kawaida, Tri-Cities inashinda bila mjadala. Johnson City uko juu, mita 500 hivi, na asubuhi za ukungu zinanikumbusha Mufindi. Mwezi Juni mlima Roan unavaa maua ya zambarau. Kiangazi cha Bowling Green ni joto lenye unyevu, nguo inagandia mgongoni kama uko Tanga, bila bahari ya kukufariji.

Majirani

Kote ni nchi ya makanisa. Swali la tatu baada ya jina na kazi litakuwa unasali wapi. Mwislamu atapata msikiti Johnson City na Bowling Green, wa Bowling Green ukiwa na Wabosnia wengi. Mhudumu wa dukani akikuita "honey" hakutongozi. Bibi yake alimwita hivyohivyo muuza maziwa. Watu watakupungia mkono kutoka kwenye gari, nawe pungia. Kote bastola inabebwa bila kibali, kwa sheria, kwa hiyo usigonge mlango wa mtu usiku ukiuliza njia.

Na bendera za Wakonfederati, majimbo ya Kusini yaliyopigania utumwa, utaziona, kwenye malori na kwenye vibaraza vya vijijini, pande zote mbili. Tofauti ni kwamba Bowling Green mtoto wako atakuwa mmoja wa weusi na wageni wengi darasani, wakati Tri-Cities anaweza kuwa peke yake. Binti yangu Johnson City alipendwa kweli, na kila siku mtu alimshika nywele. Kiingereza chake kilinyooka ndani ya miezi minne, Kiswahili kikaanza kukatika. Hapa Bowling Green kimerudi, ingawa sasa ananiambia ana "bitabu bingi".

Niseme basi ningemshauri nani nini. Msomi mwenye bima ya kazini, watoto wanaokaribia chuo, mpenda milima na ukimya, aende Tri-Cities, akae Johnson City, anunue chakula Virginia. Anayeanza na mikono yake tu, au mwenye ndugu wanaohitaji mkalimani, aje Bowling Green na aandae fungu la michango.

Binamu yangu alisoma rasimu ya haya akarudi palepale kwenye kodi ya mshahara. Wifi yangu hakugusa kodi. Aliandika mstari mmoja: "Wifi, Novemba nikijifungua, huko nani atanikanda?" Johnson City nilijifungua mtoto wa mwisho, na maji ya moto alinimwagia mume wangu, masikini, akisoma maelekezo ya mama yake kwenye simu. Jioni ile nilikwenda kwa yule mama wa vitunguu, anakaa mitaa miwili kutoka kwangu. Hakuuliza ni nani anakuja wala anatoka wapi. Aliuliza tarehe.